Rubani wa nani? Hofu ya marubani safari ndogo za Pwani zinapoachiwa kampuni tanzu

ABIRIA anayekata tiketi ya ndege kutoka Nairobi kwenda Malindi hutazama mambo matatu: nauli, saa ya kuondoka na uzito wa mzigo anaoruhusiwa kubeba. Ni wachache wanaouliza swali la nne, ambalo kwa marubani ndilo zito kuliko yote: anayeiendesha ndege hiyo ameajiriwa na nani, na kwa masharti gani?

Swali hilo limezua migogoro katika sekta ya usafiri wa ndege kote duniani, na Kenya haikusazwa. Kwa zaidi ya miaka 20, mashirika makubwa yamekuwa yakiondoa safari fupi mikononi mwa marubani wao na kuzikabidhi kampuni ndogo zenye gharama nafuu. Usimamizi husema hiyo ndiyo njia ya pekee ya kuziokoa safari zisizo na faida. Marubani nao husema ni mbinu ya kupunguza mishahara na kuvunja nguvu ya vyama vyao.

Kwa wakazi wa Malindi, Watamu na Kilifi, mvutano huo si habari ya mbali. Hoteli, maduka, madereva wa teksi na wavuvi wanaouza samaki hotelini hutegemea wageni, na sehemu ya wageni hao hufika kwa safari hizo hizo fupi zinazozozaniwa.

Kukabidhi safari ni nini?

Shirika la ndege linaweza kukabidhi safari zake kwa njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni kuunda kampuni tanzu. Shirika kubwa husajili kampuni nyingine, huipa jina, usimamizi na leseni yake ya uendeshaji, kisha huiachia safari fulani. Wafanyakazi wa kampuni hiyo huajiriwa upya kwa mikataba tofauti na ile ya kampuni mama.

Njia ya pili ni ushirikiano wa tiketi. Abiria hununua tiketi yenye nembo ya shirika moja, lakini akifika uwanjani hupanda ndege ya shirika jingine. Nambari ya safari hubaki ya yule aliyeuza, ila rubani, wahudumu na mafundi ni wa yule anayerusha.

Njia ya tatu ni kukodi ndege pamoja na wafanyakazi wake. Mwenye ndege huleta rubani, mhudumu, fundi na bima; mkodishaji huleta abiria. Njia hii hutumiwa sana wakati shirika lina upungufu wa ndege, au linapotaka kujaribu safari mpya bila kununua ndege yake.

Katika njia zote hizo, jambo moja hufanana: saa za kuruka ambazo zingefanywa na marubani wa shirika kubwa hufanywa na wengine.

Historia ya Kenya

Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kuhudumia Kenya, Uganda na Tanzania, lilisambaratika mwaka 1977, mwaka ambao pia Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilivunjika. Kenya Airways iliundwa mwaka huo huo. Mwaka 1996 shirika hilo lilibinafsishwa, KLM ya Uholanzi ikanunua asilimia 26 ya hisa, na hisa nyingine zikauzwa kwa umma kupitia Soko la Hisa la Nairobi.

Haukupita muda mrefu kabla ya safari ndogo kutengwa. Mwaka 2000 Kenya Airways ilianzisha kampuni tanzu ya Flamingo Airlines, iliyorusha ndege ndogo za propela aina ya Saab 340 katika safari za humu nchini. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilirejeshwa ndani ya kampuni mama.

Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa za Precision Air ya Tanzania. Kwa hatua hiyo iliweza kuwafikia abiria wa miji ya Tanzania bila kupeleka ndege zake katika kila mji.

Hatua kubwa zaidi ilifuata muongo mmoja baadaye. Jambojet, kampuni tanzu inayomilikiwa na Kenya Airways, ilianza safari zake Aprili 1, 2014 kwa nauli za chini. Ilianza na ndege za jeti aina ya Boeing 737, kisha ikageukia ndege za propela aina ya Dash 8 Q400 zinazobeba takriban abiria 78. Safari za Malindi, Lamu na Ukunda ziliingia katika orodha yake.

Kwa hivyo, wazo la kuachia kampuni nyingine safari za Pwani halikuanza jana. Kilichobadilika ni ukubwa wake.

Kwa nini Malindi?

Uwanja wa ndege wa Malindi unaeleza sehemu kubwa ya suala hili. Barabara yake kuu ya kurukia ndege ina urefu wa takriban kilomita 1.4 pekee. Mpango wa kuirefusha hadi kilomita 2.5, ili ndege kubwa za kimataifa ziweze kutua, umezungumzwa kwa miaka mingi, huku suala la ardhi na fidia kwa wanaoishi kandokando ya uwanja likiwa miongoni mwa vizingiti.

Hadi barabara hiyo irefushwe, ndege kubwa za jeti haziwezi kuhudumia mji huo. Watalii wa Kiitaliano, ambao kwa miongo mingi wameufanya Malindi kuwa kama nyumbani kwao, hulazimika kutua Mombasa na kusafiri kwa barabara takriban kilomita 120, au kushuka Nairobi na kuunganisha kwa ndege ndogo.

Hapo ndipo hesabu ya kibiashara inapoingia. Ndege inayofaa Malindi ni ya propela, yenye viti visivyozidi mia moja. Shirika linalomiliki ndege za jeti haliwezi kuihudumia njia hiyo bila kununua ndege za aina nyingine, kufundisha marubani upya, kuweka vipuri vya aina ya pili na kuandaa mafundi wenye ujuzi tofauti. Kampuni tanzu yenye aina moja tu ya ndege hubeba mzigo huo kwa gharama ndogo zaidi.

Aidha, abiria wa Pwani huja kwa misimu. Ndege hujaa Desemba, Pasaka na Agosti, kisha viti hubaki vitupu mvua za masika zinapoanza na hoteli nyingi kufungwa kwa ukarabati.

Marubani wanahofia nini?

Hofu ya kwanza ni ajira. Katika mashirika mengi, rubani hupanda ngazi kwa kufuata orodha ya ukuu kazini. Aliyeajiriwa mapema ndiye anayetangulia kupewa cheo cha nahodha, kuhamia ndege kubwa na kuchagua ratiba. Safari ndogo zinapohamishiwa kampuni nyingine, ngazi za chini hukatwa. Rubani msaidizi aliyetarajia kuwa nahodha wa ndege ndogo baada ya miaka kadhaa hujikuta akisubiri nafasi moja katika ndege kubwa pamoja na wenzake wengi.

Hofu ya pili ni malipo. Makubaliano ya pamoja ya kazi humfunga mwajiri aliyeyatia sahihi. Kampuni mpya huanza na ukurasa mtupu: mishahara mipya, mpango mpya wa pensheni na likizo mpya. Marubani huona kwamba kazi ni ile ile na anga ni ile ile, lakini thamani ya anayeifanya imeshushwa kwa kubadilisha jina lililoandikwa ubavuni mwa ndege.

Hofu ya tatu ni uchovu. Rubani wa safari ya Ulaya hupaa mara moja na kutua mara moja katika zamu yake. Rubani wa safari fupi anaweza kupaa na kutua mara nne au zaidi kwa siku, na kupaa na kutua ndiko kunakodai umakini mkubwa kuliko sehemu nyingine zote za safari. Sheria huweka kikomo cha saa za kazi, nchini Kenya zikisimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA). Lakini marubani husema tofauti ipo kati ya kampuni inayopanga ratiba hadi ukingoni mwa kikomo hicho na ile inayobakiza nafasi ya kupumua.

Hofu ya nne haisemwi sana hadharani, nayo ni nguvu ya chama. Ikiwa safari zote ziko chini ya mwajiri mmoja, mgomo huzisimamisha zote. Zikigawanywa kwa kampuni mbili au tatu, mwajiri hubaki na ndege nyingine angani huku akijadiliana na waliogoma.

Mgomo wa 2022

Hofu hiyo ya nne ilionekana wazi Novemba 2022. Marubani wa Kenya Airways, kupitia Chama cha Marubani wa Ndege Kenya (KALPA), walianza mgomo Novemba 5. Madai yao makuu yalikuwa kurejeshwa kwa michango ya mwajiri katika hazina yao ya akiba ya uzeeni na kulipwa sehemu ya mishahara iliyozuiliwa tangu janga la corona mwaka 2020.

Maelfu ya abiria walikwama Nairobi. Safari za Jambojet, ambayo ina usimamizi wake na wafanyakazi wake, hazikusimamishwa na mgomo huo. Novemba 8 mahakama iliwaamuru marubani kurejea kazini, nao wakatii siku iliyofuata.

Kwa mwenye hoteli wa Malindi, hiyo ilikuwa faida: mgogoro wa kampuni mama haukumfungia mlango. Kwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, tukio hilo hilo lilikuwa somo kuhusu kinachotokea safari zinapogawanywa.

Malalamiko ya marubani kuhusu kazi kwenda kwa wengine hayakuhusu safari ndogo pekee. Kenya Airways ilipata hasara ya zaidi ya Sh25 bilioni katika mwaka wa kifedha ulioisha Machi 2015, na hasara kubwa zaidi mwaka uliofuata. Katika juhudi za kupunguza gharama, ilizikodisha ndege zake kubwa mwaka 2016: Boeing 777 kwa Turkish Airlines na Boeing 787 kwa Oman Air. Ndege ikiondoka, saa za marubani wake huondoka nayo. KALPA pia iliukosoa mkataba wa ubia na KLM, ikisema haukuinufaisha Kenya Airways. Ubia huo ulikomeshwa mwaka 2021.

Mwaka 2016 shinikizo la marubani lilichangia mabadiliko katika uongozi wa shirika. Oktoba mwaka huo, Michael Joseph alichukua uenyekiti wa bodi kutoka kwa Dennis Awori.

Yaliyotokea Marekani

Nchi iliyokwenda mbali zaidi katika mfumo huu ni Marekani. Huko, mashirika makubwa huwaachia makampuni ya mikoani idadi kubwa ya safari za miji midogo. Ndege hupakwa rangi za shirika kubwa, na abiria asiyesoma maandishi madogo hawezi kutambua tofauti.

Marubani wa mashirika makubwa walijibu kwa kuingiza katika makubaliano yao vifungu vinavyoweka mipaka. Vifungu hivyo hutaja ukubwa wa ndege ambazo kampuni za nje zinaweza kurusha kwa niaba ya shirika. Kikomo kinachojulikana sana ni viti 76. Kila ndege inayozidi hapo lazima irushwe na marubani wa shirika lenyewe.

Marubani wa kampuni ndogo nao hawakunyamaza. Mwaka 2001 wale wa Comair, kampuni iliyomilikiwa kikamilifu na Delta, waligoma kwa siku 89 wakidai malipo bora. Walipata mkataba mpya, lakini mwaka 2012 Delta iliifunga Comair. Mkasa huo hutajwa na pande zote mbili: wasimamizi huutumia kuonya kwamba gharama ikipanda kampuni tanzu hupoteza sababu ya kuwepo, na marubani huutumia kuonyesha kwamba aliye katika kampuni tanzu hana pa kuegemea.

Suala la usalama lilijitokeza kwa uchungu Februari 12, 2009. Ndege ya Colgan Air, iliyokuwa ikisafiri kwa jina la Continental, ilianguka karibu na mji wa Buffalo. Watu 49 waliokuwa ndani na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake walifariki. Ndege hiyo ilikuwa Q400, aina ile ile inayotua Malindi. Hata hivyo, wachunguzi hawakuilaumu ndege. Walisema chanzo kilikuwa hatua isiyofaa aliyochukua nahodha baada ya mitambo kumwonya kwamba mwendo umepungua kupita kiasi.

Uchunguzi ulifichua mengi kuhusu maisha ya marubani wa kampuni ndogo. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi ili kufika kituo chake cha kazi, na mshahara wake mdogo ulizua mjadala bungeni. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria mpya ya usalama. Kutokana nayo, marubani wasaidizi walitakiwa kuanzia mwaka 2013 kuwa na leseni ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida huhitaji saa 1,500 za kuruka. Sheria hiyo pia ilizitaka tovuti zinazouza tiketi kumwonyesha abiria wazi ni kampuni gani itakayomrusha.

Haifai kuhamisha tukio hilo moja kwa moja hadi Kenya. Jambojet si Colgan, na hakuna sababu ya kudhani kwamba ndege ndogo ni hatari kwa kuwa ni ya kampuni tanzu. Kinachofaa kuchukuliwa ni swali lenyewe: jina moja linapouza tiketi na jingine kurusha ndege, viwango vya mafunzo, mapumziko na ukaguzi vinalindwa na nani?

Sheria ya Kenya inasemaje?

Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa usawa kazini, kujiunga na chama na kugoma. Hakimzuii mwajiri kuunda kampuni nyingine wala kutoa kazi kwa wengine.

Mwaka 2013, katika kesi iliyohusu kampuni ya Wrigley, Jaji James Rika aliweka misingi ambayo imekuwa ikirejelewa katika mabishano ya aina hii. Alikubali kwamba mwajiri ana haki ya kukabidhi kazi kwa watu wa nje. Lakini alisema haki hiyo isitumiwe kukwepa madeni ya wafanyakazi, isitumiwe kudhoofisha vyama vyao, na isihusu shughuli za msingi za biashara.

Marubani wanaweza kushika hoja hiyo ya mwisho kwa mikono miwili. Kufua sare na kupika chakula cha abiria kunaweza kuitwa kazi ya pembeni; kuirusha ndege hakuwezi. Hata hivyo, mwajiri ana jibu. Kampuni tanzu yenye leseni yake, ndege zake na abiria wake haifanyi kazi ya kampuni mama. Inafanya biashara yake. Mstari kati ya kukabidhi kazi na kuanzisha biashara mpya ni mwembamba, na ndipo penye utata.

Upande wa pili wa shilingi

Wasimamizi wa mashirika ya ndege wana hoja zisizoweza kupuuzwa. Faida katika biashara hii ni nyembamba, mafuta hununuliwa kwa dola, na ushindani ni mkali. Fly540, iliyoanza safari mwaka 2006, ilionyesha kwamba Wakenya wengi wako tayari kupanda ndege nauli ikishuka. Kampuni hiyo nayo ilisimamisha safari mwaka 2022, ishara kwamba nauli ya chini peke yake haitoshi kuiweka ndege angani. Skyward Express ni miongoni mwa kampuni nyingine ambazo zimekuwa zikishindania abiria wa Malindi.

Tangu mwaka 2017, ndege pia inashindana na reli. Treni ya Madaraka Express huwafikisha abiria Mombasa kwa nauli ndogo, na matatu huwachukua kutoka huko hadi Kilifi na Malindi.

Wasimamizi huongeza kwamba kampuni tanzu huwafungulia mlango vijana. Rubani aliyetoka chuoni na leseni ya biashara na saa 200 hawezi kukabidhiwa ndege ya Ulaya. Safari fupi za Pwani humpa saa, kutua kwingi na uzoefu wa upepo wa kaskazi na mvua za masika. Baada ya miaka michache anaweza kuhamia ndege kubwa. Marubani hujibu kwamba hoja hiyo ni ya kweli pale tu panapokuwa na ngazi iliyoandikwa ya kumtoa tanzu na kumpeleka kampuni mama, bila kupoteza miaka yake ya utumishi.

Nyasi za Malindi

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Wakazi wa Pwani waliijua ladha ya kukosa ndege Aprili 2020, serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kwale na Kilifi ili kudhibiti corona. Safari za ndani zilirejea Julai 15 mwaka huo. Katika miezi hiyo, hoteli zilifungwa na vijana wengi wa Malindi na Watamu wakarudi mashambani na baharini kutafuta riziki.

Kwa hivyo, Malindi ina haja mbili zinazovutana. Inahitaji kampuni yenye gharama nafuu, kwa sababu shirika kubwa lenye ndege za jeti halina namna ya kutua katika kilomita 1.4. Wakati huo huo inahitaji rubani aliyepumzika, aliyefunzwa vyema na asiyeikimbia kazi yake kila anapoitwa Ghuba kwa mshahara mkubwa zaidi. Nauli inayopatikana kwa kumkamua rubani inaweza kudumu msimu mmoja, lakini haiwezi kuujenga mji.

Kuna hatua zinazoweza kuzikutanisha haja hizo. Kampuni mama na tanzu zinaweza kukubaliana na vyama juu ya ngazi moja ya kupanda cheo. Viwango vya mapumziko vinaweza kuwekwa sawa katika kampuni zote za kundi moja, hata kama mishahara inatofautiana kulingana na ukubwa wa ndege. Tiketi inaweza kutaja kwa herufi zinazosomeka ni nani atakayeirusha ndege, na ni nani wa kumwajibikia abiria safari ikifutwa.

Hatua ya mwisho iko mikononi mwa serikali, nayo ni ardhi ya uwanja wa Malindi. Siku barabara itakaporefushwa na ndege za jeti kutua, sababu ya kiufundi ya kuiachia njia hiyo kampuni tanzu itakuwa imeondoka. Hapo usimamizi na marubani watalazimika kujibu bila kisingizio cha urefu wa lami: je, safari za Malindi zilihamishwa kwa ajili ya ndege, au kwa ajili ya mishahara?